Moraa Amemrudisha Baba Furaha Kazini

Baba Moraa,

Mtoto ameshinda. Naanza na hilo kwa sababu wewe hukuwa na subira ya habari ndefu. Ningeanza kusimulia ungenikatiza, "Mama Moraa, mwisho wake ni nini?" Mwisho wake ndio huo. Sasa kaa nikueleze.

Naandika kwenye zile karatasi ndefu za njano za mawakili, Moraa amenipa nyingi tu. Mwandiko wangu unaujua, ni wa mtu aliyeishia darasa la tano, utanivumilia.

Ulituacha akiwa bado anasoma. Hukumwona akiapishwa, hukuiona ofisi yake huku Saint Paul, chumba kidogo chenye dirisha linaloangalia magari yaliyoegeshwa. Yuko chini ya wakili mkubwa, mama mmoja wa nywele nyeupe asiyecheka ovyo. Kesi wanazochukua ni zile zile nilizoziogopa: watu waliokamatwa na polisi bure, watu waliofukuzwa kazi, watu waliokandamizwa na ofisi za serikali. Nilimwambia, mwanangu, si ungefanya sheria ya kununua nyumba, watu waweke sahihi mwende zenu. Unajua watu weusi wa mji huu wamepitia nini mikononi mwa polisi. Akanijibu kwa Kizungu, kama kawaida yake, kwamba nyumba hazimhitaji. Basi kila siku ya kesi mimi niko kazini nakunja mashuka ya wazee na midomo inaomba Mungu amtoe huko.

Halafu akaja Baba Furaha. Wewe hukumjua, alianza kuja kanisani kwetu baada yako. Ni Mkongo wa kutoka Uvira, mpole, anaimba sauti ya chini mpaka benchi linatetemeka. Kazi yake kama yangu, kutunza wazee, ila yeye huwafuata majumbani kwao. Jioni moja polisi alimsimamisha kwa sababu taa ya nyuma ya gari haikuwaka. Na unajua alifanya nini? Alishuka aende kumsalimia askari, na huku dereva hatakiwi kushuka.

Wewe umeelewa. Askari hakuelewa. Alimfokea kwa Kizungu cha haraka, akamlaza kwenye theluji, akamtia pingu, ikaandikwa ati alimzuia polisi kufanya kazi yake. Shtaka lenyewe walilitupa baadaye. Lakini habari zilikuwa zimeshafika kwenye ile ofisi ya serikali inayotuchunguza sisi watunzaji, nayo ikasema huyu ni mtu wa hatari, asiguse mgonjwa popote katika jimbo hili. Kampuni ikamwachisha kazi. Mke wake ana mimba, watoto ni wadogo. Alikaa jikoni kwangu, chai ikapoa mbele yake. "Mama, mimi nilifanya nini mubaya? Hii kazi ndiyo najua. Kama hawaniachi nitunze watu, mimi ni nani huku?"

Nikampeleka kwa Moraa, wakakata rufaa dhidi ya ile ofisi, na yule mama wa nywele nyeupe akamwambia Moraa, hii utaisimamia peke yako. Mara yake ya kwanza, Baba Moraa.

Baba Furaha aliomba niwepo. "Mama akiwa pale sitatetemeka," alisema, kana kwamba si mimi ninayetetemeka kuliko watu wote. Tulikwenda kwa treni kwa sababu Moraa alisema mikono yake siku hiyo haifai kushika usukani. Nilimtazama njia nzima. Amekonda usoni, na kwenye kola alikuwa na uzi uliochomoza, nikaukata kwa meno kabla hajanizuia.

Nilidhani nitaona mahakama kama ya Kisii, kizimba na askari mlangoni. Kumbe ni chumba tu cha meza ndefu na jagi la maji. Jaji ni mama wa makamo aliyevaa sweta. Mkalimani alikuwa kwenye simu iliyowekwa katikati ya meza. Mimi kila Moraa alipoinuka nikainuka naye, mpaka jaji akanitazama juu ya miwani na kusema, "Mama, wewe kaa tu." Moraa hakugeuka, lakini masikio yalimwiva kwa haya.

Wakili wa serikali ni kijana mwenye sauti nzuri. Akaonyesha video iliyopigwa na kamera ya kifuani mwa askari. "Ameambiwa abaki ndani, anatoka. Anaambiwa asimame, anazidi kumkaribia afisa." Na kweli ukiitazama inatisha. Giza, theluji, makelele, mtu anakuja mbio mbio. Hata mimi ninayemjua niliogopa. Baba Furaha alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Nikajiambia, imekwisha.

Moraa akaomba video irudishwe nyuma kidogo, isimamishwe hapo. Ikaganda. Baba Furaha mguu mmoja uko kwenye theluji, na mkono wa kulia uko kichwani.

"Hapa unafanya nini?"

"Ninavua kofia."

"Kwa nini, na baridi ile?"

Akamwangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Sasa mimi nitasemesha mukubwa na kofia kwa kichwa? Nikae kwa kiti, yeye anasimama inje kwa baridi? Hapana. Ni lazima nimuheshimie."

Mkalimani akatafsiri. Jaji akavua miwani, akaivaa tena, akasogea kuiangalia picha. Wote tulikuwa tumetazama miguu ya yule mtu. Hakuna aliyekuwa ametazama mkono.

Moraa akasema, "Mtu anayekwenda kupigana havui kofia." Akakaa. Basi. Wewe ungeongeza maneno, nakujua. Mimi ningelia. Yeye alikaa, akapanga karatasi zake.

Kurudi kwenye treni nikamwuliza, uliuonaje ule mkono? Ndipo akaniambia kwamba aliwahi kuona mkono kama ule, akiwa mdogo, kwenye kiti cha nyuma cha gari letu la kwanza. Kwamba wewe ulisimamishwa na polisi karibu na kituo cha mafuta, ukashuka na kofia mkononi, unatabasamu, unasema habari za jioni bwana, na askari akashika bunduki. Kwamba Mungu alisaidia, askari alikuwa mtu mzima, akakwambia tu urudi ndani ya gari. Na kwamba wewe ulimgeukia mtoto ukamwambia, "Usimwambie mama yako, hatalala tena."

Baba Moraa. Miaka yote hiyo mlinificha. Ungekuwepo tungekosana mpaka chakula kiharibike. Kisha nikaanza kucheka, nikacheka mpaka abiria wa pembeni akahama kiti, maana siku zote nilijiuliza huyu mtoto hii sheria aliitoa wapi. Nilikuwa nalaumu televisheni.

Jibu la jaji lilikuja jioni moja Moraa akiwa mezani kwangu, ugali na mboga ya chinsaga. Simu ikalia, akasoma, akaigeuza kifudifudi, akakata tonge jingine. Nikamwambia, wewe, nitakufa hapa. Akatafuna, akameza. "Mama, wamemsafisha jina. Anarudi kutunza watu." Kwa Kiswahili alisema hivyo, Baba Moraa, hakutumia Kizungu hata kidogo. Nilipiga vigelegele mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio. Na Moraa, ambaye siku zote hunikanya kwa ajili ya majirani, akafungua dirisha akaniambia piga tena.

Kampuni nayo ilimrudisha baada ya yule mama wa nywele nyeupe kuwaandikia. Kule Eagan kuna mzee aliyekuwa amekataa kunyolewa na mtu mwingine yeyote, ndevu zimefika kifuani. Baba Furaha alimnyoa asubuhi ya kwanza. Mzee akajipapasa kidevu, akamwuliza, "Ulikuwa likizo?"

Jumapili mke wa Baba Furaha alimfunga Moraa kitenge mbele ya kanisa zima, mtoto wetu akabaki anaangalia viatu vyake, na Mama Bosibori, aliyeketi kando yangu, akaninong'oneza, "Ameinamisha uso kama babake." Nililia, lakini kile kilio unachokijua wewe, cha siku ya harusi.

Sasa ana kesi nyingine, mwanamke aliyeumia mgongo kwenye ghala la mizigo wakamfukuza akiwa bado hospitalini. Wakubwa wana mawakili wengi. Hofu yangu haijaondoka, nisikudanganye, ndivyo nilivyoumbwa. Lakini nakuahidi hili: sitamwomba tena aache, wala Mungu sitamwomba amtoe. Hofu nitabaki nayo mimi hapa nyumbani, ni mzigo ninaoujua. Yeye nitamwambia nenda mama, watu wanakungoja.

Pumzika, mume wangu. Mtoto wetu anafanya kazi.

Mama Moraa