Lodi wa Mwisho na Kamau Wetu

Baba yangu,

Jeddah kuna joto hadi kuta zinatoa jasho, lakini mimi ni mzima, nakuwaza na baridi yako ya Julai.

Jana mama yake madam aliyeniajiri, bibi mzee Mwingereza ninayemtunza hapa mtaa wa Al-Hamra, alitandaza mezani karatasi ya ukoo wao. Baba yake alikuwa lodi, cheo ambacho huko kwao hurithiwa na wana wa kiume tu. Alizaa mabinti watatu tu, akafariki, na cheo kikafa naye. Nilimmiminia kahawa, nikamuuliza kama hakuna hata binti mmoja aliyezaa kijana.

"Dada yangu alipata wanne," akasema. "Lakini hao hawahesabiki."

Baba, nilisahau niko kazini. "Vijana wanne, na mnasema mmeisha?" Nikatoa simu, nikamwonyesha mwanangu Kamau, niliyempa jina lako na kukuachia umlee, amevaa gambuti zako. "Huyu ndiye baba yangu, amebeba jina lake. Ana miaka minne. Namwita Baba, na anaitika."

Bibi akaomba penseli, akawaandika wale wanne chini ya jina la baba yake, mmoja mmoja.

Kwa hivyo nisikusikie tena ukisema ulizaa wasichana watupu na jina lako utazikwa nalo. Jina lako liko hapo jikoni, linakunywa uji. Lifunike vizuri likilala, nawe ujifunike.

Binti yako,
Wanjiru