Hatua Hamsini Kutoka Majini

Ofisi ya Hifadhi ya Ardhi na Maji,
Mbeya, 4 Mei 1975

Dada Yudith,

Salamu za hapa Mbeya, tena za baridi. Nyumbani tu wazima, ila binti yetu Paskalina anakohoa kidogo. Goti lako je?

Nina jambo. Chuo kikuu Dar es Salaam kimeniita nikafundishe idara ya utawala wa umma. Miaka kumi na minne nimeandika nyaraka za kulinda ardhi na maji ya nyanda hizi, mpaka nikawa mkuu wa kazi yenyewe, na kila waraka ukifika wilayani unalala. Sasa nitawafundisha vijana watakaokuwa makatibu na wakuu wa wilaya kabla hawajajifunza uvivu. Nakabidhi ofisi tarehe 30 Juni.

Ningefurahi, dada, lakini situlii. Nafunga vitabu, nafungua tena. Nakwenda Iyunga bila shughuli yoyote, narudi. Mke wangu Lea ananiambia nimekuwa kama kuku anayetaka kutaga. Niandikie kidogo, labda nitakaa.

Mdogo wako,
Fanueli Kalinga


Kijijini, Mafinga
25 Mei 1975

Mdogo wangu Fanueli,

Barua imefika na nimeisoma mwenyewe. Kisomo cha watu wazima si mchezo. Goti linauma asubuhi, likipata jua linanisamehe. Mpe Paskalina pole.

Hongera, mwalimu. Baba angekuwepo angechinja. Lakini nikuambie usichokijua: waraka wako mmoja haukulala. Jumapili baada ya ibada, Katibu Kata wetu, Edmund, alitusomea kwamba ni marufuku kulima ndani ya hatua hamsini kutoka kwenye maji, kuanzia mwaka huu. Chini kuna sahihi yako.

Fanueli, vinyungu tunavyolima bondeni wakati wa kiangazi ndivyo vinavyotulisha Januari, ghala likiwa tupu. Wewe umekua navyo. Mwaka jana mvua ilitutupa, redio ikasema tulime kufa na kupona. Sasa tukilima penye unyevu tunafukuzwa. Na hizo hatua zihesabiwe kutoka wapi? Mwezi huu maji yametanda bonde zima. Oktoba ni kamfereji ka kuruka tu. Ukihesabu kutoka maji ya sasa, hata kanisa limo kwenye marufuku. Nilimuuliza Edmund, akasema karatasi haisemi.

Sitaki upendeleo. Naomba mstari mmoja kabla hujaachia muhuri: tuhesabu kutoka maji ya Oktoba. Hapo kila mtu atabaki na kipande, na mto nao utabaki na chake.

Dada yako,
Yudith


Mbeya, 20 Juni 1975

Dada Yudith,

Nisamehe kuchelewa. Paskalina amepona. Mimi mwili ni mzima, kichwa ndicho sijui.

Swali lako limeniumiza. Bonde lile nalijua tangu utoto, halafu nikaliandikia amri kama mgeni. Nilipima kwenye ramani, dada, na kwenye ramani mto ni mstari mmoja wa buluu mwaka mzima. Mara tatu nimeandika marekebisho, mara tatu nimeyachana. Hapa ofisini wanajua kwetu ni wapi. Nikigusa waraka siku kumi kabla ya kuondoka, watasema Kalinga alimtetea dada yake, na maneno hayo yatanitangulia chuoni. Anayepokea kiti changu, Joachim, ni mtu makini. Nimemwachia suala lenu kwenye faili. Vumilia.

Mdogo wako,
Fanueli


Dar es Salaam, 7 Septemba 1975

Dada,

Hujambo? Huu ni mwezi wa tatu sijaona mwandiko wako. Sisi wazima, joto tu ndilo linatuonea.

Kazi nimeianza. Juzi niliwapa wanafunzi swali lako, bila kukutaja jina. Walibishana saa mbili nzima. Mmoja, Saulo, akasimama akasema ihesabiwe kutoka maji ya Oktoba, na wakulima wenyewe wasimike vigingi. Darasa likapiga makofi. Mkuu wa idara anataka niliandike liwe somo la kila mwaka. Nilitembea kwenda nyumbani kwa furaha, nikafika mlangoni furaha imekwisha, na sikujua sababu. Je, Joachim aliwaandikia?

Mdogo wako,
Fanueli


Kijijini, Mafinga
28 Septemba 1975

Mdogo wangu,

Mimi mzima. Goti lilipumzika mwezi mzima kwa kukosa kazi. Sasa limeanza tena.

Huyo Joachim wako hakuandika neno. Edmund alikuja tarehe 19 Agosti na mgambo sita. Alihesabu kutoka pale maji ya masika yalipoishia, na hatua zake hamsini zikapita vinyungu vyote, vyangu na vya jirani yangu Roza na vya wajane wote wa huku chini. Njegere zilikuwa zimeanza maua. Mimi nilikuwa nakoroga uji, hakuna aliyebisha hodi. Niliposikia kelele nikateremka, nikakuta wameshang'oa nusu.

Watu wakanitazama mimi. Roza akaniuliza kama nilijua. Nikasema nilikuandikia. Akauliza ulijibu nini. Nikasema ulijibu nivumilie. Tangu siku hiyo Roza hajafika kwangu kunisalimu, na sisi tumeazimana moto miaka ishirini.

Nimesikia wanafunzi wako wamepata jibu. Ni lile lile nililokuandikia Mei, muhuri ukiwa mezani kwako. Nina hasira nawe, Fanueli, sikufichi. Uliogopa watasema una dada.

Usitume chakula. Jumatatu nimeanza kuinua matuta upya, pale pale, peke yangu. Wakitaka waje tena wang'oe. Na watakaokuja miaka ijayo watakuwa hao hao unaowafundisha. Basi kabla ya vitabu vyote, wafundishe kubisha hodi.

Dada yako,
Yudith