Mgongo wa Mama Mkwe

Nengo, Gisenyi
9 Machi 2025

Mwanangu Bahizi,

Hujambo? Binti yangu Belise hajambo? Huku tu wazima, ila magoti yangu hayapatani na baridi ya ziwa.

Nimeamua kuandika kwa sababu jambo lenyewe siwezi kulisema kwenye simu huku nakusikia ukikohoa kwa aibu. Uliponiomba niigize, katika filamu yako, yule mama mgonjwa anayeogeshwa na binti yake, nilikubali kwa sharti kwamba chumbani wawe wanawake tu. Ulitimiza. Mahoro alishika kamera, Iribagiza aliyeigiza binti yangu akaniogesha, na wewe ulikaa nje barabarani mpaka nilipovaa.

Lakini tulisahau kitu kimoja, mwanangu. Filamu lazima ikatwe na kuunganishwa, na anayekata ni wewe!

Mkwe haoni mwili wa mama mkwe wake. Wazazi wetu walilishika hilo hata ukimbizini Karagwe, na tumerudi nalo. Sasa kila nikikuwaza mbele ya kompyuta, natamani ardhi ipasuke inimeze. Niambie kweli, umeniona?

Mama yenu,
Mukandori

Kigali
30 Machi 2025

Shikamoo Mama,

Salamu hiyo ya Tanzania nimefundishwa na Belise. Kwetu Goma haikuwepo. Sisi wazima. Nisamehe kwa kuchelewa, sikutaka kukujibu nikiwa sina jibu.

Sijakuona. Picha zilikaa bila kufunguliwa, na Gatete, anayegharamia filamu, aliposikia sitaki mwili wako uonekane, akanicheka: "Bon, we ni mutu wa filamu ama ni pasta? Mugonjwa anaoga na nguo? Watu watasema ni uongo!" Sikumlaumu, maana nami naamini filamu ya kweli haipaswi kuuogopa mwili. Lakini mwili huu una mwenyewe, na mwenyewe ni Mama. Kuzifuta bila kuziona nilishindwa, na kuziona nikashindwa pia.

Mwishowe Belise akaketi kwenye kompyuta, mimi nikageukia ukuta. Akawa ananitangazia kama mpira wa redioni: "Sasa anamwaga maji. Sasa Mama anafunga macho." Halafu akaanza kulia. Nikabaki na sauti tu, maji na kitambaa, na wewe ukimwambia Iribagiza, "Polepole, mwanangu." Hapo nikajua tukate wapi. Nilisema, Belise akakata.

Utaonekana uso wako, mkono wa Iribagiza na beseni. Mengine Belise ameyafuta. Gatete amenuna. Filamu itaonyeshwa Gisenyi mwishoni mwa Mei. Usipokuja, nitaelewa.

Mkweo,
Bahizi

Nengo, Gisenyi
1 Juni 2025

Mwanangu Bahizi,

Mko salama? Mimi mzima, na leo hata magoti siyalalamikii.

Nilikwenda. Nilimburuta Béata wa kwaya, ili kama ni aibu nisiibebe peke yangu. Ilipofika sehemu ile nilifumba macho, nikawa nasikia maji tu. Nikafumbua jicho moja, kisha la pili. Mkono, beseni, na uso wangu wa kizee. Basi! Nilishusha pumzi mpaka aliyekaa mbele akageuka. Kisha nikalia, Bahizi, wala si kwa aibu. Nilimkumbuka mama yangu, niliyemwogesha mwenyewe mpaka mwisho.

Njiani Béata akaninong'oneza, "Mukandori, we hauna haya! Mugongo yote umeonyesha watu!" Nikamwambia hakuna mgongo ulioonekana. Akaapa kwa Mungu ameuona, tena na chunjua begani. Chunjua sina, na Béata hajawahi kuuona mgongo wangu maisha yake yote. Nilicheka mpaka nikakaa chini pembeni ya barabara. Mweleze Gatete hayo, labda ataacha kununa.

Nimelala vizuri tangu siku hiyo. Linalonikera ni moja. Nilikuona umesimama mlangoni, na taa zilipowashwa ulikuwa umeshatoroka. Tangu tulipopiga picha zile hujakanyaga kwangu, Belise anakuja peke yake na visingizio vyako mkononi. Hukuniona, mwanangu. Nimekuamini. Sasa unamkimbia nani?

Jumapili ijayo napika isombe ya majani ya muhogo na sambaza, vile visamaki vya ziwani. Njoo uketi mezani unitazame usoni, nami nikutazame.

Mama yako,
Mukandori