Siku Niliyokwambia Umalize Dozi

Dada Felista,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nitaanzaje kukuandikia bila kukuamkia?

Siku ile uliteremka na lori la kabichi kutoka Mgeta, ukaja kwangu Kihonda na vidonge vya kikohozi ulivyonunua duka la dawa. Ukapandisha kitenge mpaka magotini. "Hebu ona, mdogo wangu. Siku ya tatu leo." Kuanzia vifundoni miguu ilijaa madoa mekundu, mengine ya zambarau, ukiyapapasa yana vinundu. Nikabonyeza moja kwa kidole. Alama ya mbu ukiibonyeza hufifia, lile halikufifia. Nililiona hilo, wala sikujiuliza kwa nini.

"Au niviache hivi vidonge?" ukauliza.

Nikacheka, mjinga mimi! "Dawa inatoa uchafu hiyo. Maliza dozi." Si ndivyo tunavyoambiwa kila siku? Ukasema, "Haya, mwalimu," ukameza kwa maji niliyokupa mwenyewe.

Wiki ya pili viungo vikauma, mkojo ukawa kama chai ya rangi. Ndipo daktari akatueleza: mishipa midogo ya damu imevimba, damu inavujia chini ya ngozi, na figo zimeshaguswa. Akasema wengi hupona, hasa wakiacha mapema kilichowadhuru. Wengi, Dada. Wewe hukuwamo.

Nilimbana: ni vidonge? Akasema huenda. Huenda pia ni maambukizi ya kile kikohozi, na kuna wagonjwa ambao chanzo chao hakijulikani kabisa. Kwa hiyo sijui, na sitajua.

Huko nyumbani wanasema ni sumu ya kupulizia kabichi. Shangazi yeye anasema umerogwa, na jirani yako sasa hasalimiwi hata akitoka kanisani. Mama wa watu hana kosa. Nami nimekaa kimya, maana nikifungua mdomo itabidi niseme niliyokwambia. Naona aibu, Dada. Sina hata nguvu ya kuomba msamaha, kwani wa kunisamehe ni wewe.

Maisha yote ulinibishia. Ulibishia mke niliyemwoa, ukabishia hata ninavyokata mchicha. Kwa nini siku ile moja hukunibishia?

Lala, Dada.

Mdogo wako, uliyemtii.