Viggen Imeombewa, Mimi Sikupanda

Jumapili, Agosti 2017. Berea, alasiri.

Upepo wa Agosti umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia hadi kwenye sufuria. Midomo imepasuka, mikono imekauka, na moyo nao haujatulia. Shajara yangu, leo sina la kukupambia. Nimemwaibisha mume wangu, Baba Neema, mbele ya kanisa zima.

Wiki zote hizi nimekuwa nikilikwepa gari letu jipya. Baba Neema alilinunua kwa mzee mmoja wa mtaa wa Observatory aliyekuwa anahama. Ni gari la Kiswidi, rangi ya bluu, la zamani kidogo lakini la mbio, na linaitwa Viggen. Mume wangu ni mlinzi kwenye jengo la maduka. Tangu tufike Johannesburg kazi yake ni kufungulia geti magari ya wengine, na hajawahi kujinunulia hata saa ya mkononi. Hili analifuta kwa fulana yake mwenyewe. Akishaegesha hugeuka kulitazama tena kabla ya kupanda ngazi, na mimi nikimwona hivyo nacheka peke yangu.

Nalipenda sana gari hilo likiwa limezimwa.

Likiwashwa ni habari nyingine. Tunaegesha chini ya jengo tunamoishi, na akikanyaga mafuta pale, injini inapiga mluzi mwembamba unaopanda, halafu unafuata mngurumo unaogonga kuta mpaka kwetu ghorofani. Siku ya kwanza nilijikuta chini ya meza, sombe yote, majani ya muhogo niliyokuwa nimepika, imemwagika sakafuni. Nilikuwa msichana mdogo kwetu Kalemie, Kongo, ndege za vita zilipokuja juu ya ziwa. Kwanza mluzi, kisha mngurumo. Shangazi yangu alikuwa bado sokoni anapima dagaa. Hakurudi nyumbani.

Halafu binti yangu Neema, aliyezaliwa hapa hapa Joburg, akachunguza kwenye simu. Akatuambia mezani, kwa Kiingereza chake, kwamba gari letu limepewa jina la ndege ya kivita ya Waswidi, na jina lenyewe maana yake ni radi. Ndege hiyo iliweza kutua kwenye barabara ya kawaida katikati ya msitu. Baba yake alifurahi mpaka akasahau kula. Neema akaniona uso, akanishika bega, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Eish, Mama, ile ndege haikupigana vita hata moja."

Nilimwambia asante, mwanangu, nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi. Naamini maneno yake, lakini mwili wangu hausomi simu.

Kwa nini sikumwambia Baba Neema? Kwa sababu namjua. Akijua kuwa gari linanitesa, ataliuza kabla chai haijapoa, na hatalalamika hata siku moja. Nilikuwa naogopa gari, na nilikuwa naogopa zaidi kumpokonya kitu pekee alichowahi kukitamani na kukipata.

Basi nikajificha nyuma ya maombi. Kanisani kwetu, sisi Wakongomani, gari jipya hupelekwa kwa mchungaji likapakwe mafuta na kuombewa, ndipo mama wa nyumba apande. Si sheria, ni mazoea tu, lakini niliyashika kama amri. Kila akinikaribisha nilimjibu kuwa bado halijaombewa, nikashuka kwa miguu hadi saluni ninakosukia nywele mjini. Pasta alikuwa amesafiri Lubumbashi. Mungu anisamehe, kila aliposogeza siku ya kurudi nilishukuru kimoyomoyo.

Leo amerudi.

Baada ya ibada kwaya nzima ilishuka ngazi za jengo kuukuu tunamosalia hadi barabarani. Pasta alimimina mafuta kwenye boneti, akapaka magurudumu, akauliza gari linaitwaje. Neema akaeleza, akina mama wakapiga vigelegele, mmoja akapaza sauti, "Radi ya Yesu!" Kilichobaki ni mimi kupanda mbele, tuzunguke mtaa huku kwaya ikiimba nyuma. Baba Neema akawasha, na kwa fahari yake akakanyaga mafuta.

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mlango. Sijui ulitokaje. Nilijikuta nimechuchumaa pembeni ya barabara na kitenge changu cha Jumapili, mikono juu ya kichwa, na wimbo umekatika.

Akazima. Akaja akachuchumaa karibu yangu.

"Mama Neema, ni ile sauti ya ndege za Kalemie?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Juu ya nini hukuniambia?"

Akasimama, akajipangusa magoti, akamgeukia mchungaji. "Banisamehe, pasta. Gari tutaiuzisha."

Alisema bila hasira hata chembe. Afadhali angefoka.

Mimi na Neema tulirudi kwa miguu. Baba yake alilileta gari polepole nyuma yetu, bila kukanyaga mafuta sana, lisije likapiga mluzi. Tulipofika alimpigia simu mtu wa Yeoville aliyewahi kulitaka, na mtu huyo amesema anakuja jioni hii. Kisha akakaa kula, akasifu sombe, akaniuliza kama nina baridi.

Sasa nikwambie niko wapi. Nimechukua ufunguo nikashuka, na ninaandika haya kwenye simu nikiwa ndani ya Viggen, kiti cha mbele cha abiria, mlango wazi. Kunanukia mafuta ya maombi. Nilitafuta pa kuchomeka ufunguo pembeni ya usukani nisipaone, kumbe pako katikati ya viti, karibu na gia. Hata hilo sikulijua kuhusu gari la mume wangu.

Ameshuka kunitafuta. Amesimama ananiangalia kama mtu aliyekuta mgeni sebuleni.

Nimemwambia aingie awashe.

"Usijilazimishe, mama. Mutu wa Yeoville eko njiani."

"Umupigie simu. Umwambie asikuje."

Ameingia, ameketi. Ameniuliza kama nina hakika, na nimemwambia ukweli, kwamba sina. Naogopa sana. Naandika kwa kidole gumba kimoja, mkono mwingine umeshika goti lake.

Nimefunga mlango. Amewasha. Anakanyaga taratibu, na mluzi unapanda, unapanda, kuta zinanguruma, machozi yananitoka, na bado sijashuka.