Diski Namba Sifuri

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe, shemeji na wapwa zangu watatu. Natumaini mnaamka salama na kikohozi cha kitindamimba kimekwisha. Sisi wazima. Kovu la Baba shingoni limepona, na ule ubao wake wa kuandikia anautumia kama kiboko. Nikichelewa na chai anaunyanyua tu, ameandika: "Leo au kesho?"

Sasa habari za kompyuta yako. Najua uliniambia niipeleke kwa fundi, atoe ile diski ya zamani inayozunguka, anakili vilivyomo, aweke hii mpya ya kasi. Lakini Dada, mimi nimefanya kazi melini, nimeona bandari tisa, nimetengeneza hadi jenereta wakati mainjinia wa vyeti wanatazamana. Nimpelekee nani? Nilimwambia Baba nitamaliza kabla chai haijapoa.

Na kompyuta yenyewe ilishanikera. Niliiwasha, nikaoga, nikanyoa ndevu, nikarudi, bado kile kiduara kinazunguka. Nikaigeuza, nikaanza kufungua. Skrubu kumi zilitoka kwa adabu. Ya kumi na moja iligoma. Niliitukana kwa lugha nne, mpaka Baba akaandika kwamba bisibisi niliyoshika ni ya cherehani. Nikamwambia najua, nilikuwa naipima tu.

Nikaziunganisha diski zote mbili; balaa likawa kwenye kunakili. Programu ilikuwa ya Kiingereza, na changu ni cha melini, kinatosha kuombea chakula na kukana makosa. Ikanionyesha diski mbili za ukubwa mmoja, namba sifuri na namba moja, ikauliza inakili kutoka ipi kwenda ipi. Hebu niamulie wewe uliyesoma. Ya zamani ndiyo iliyotangulia, basi si ndiyo namba moja? Mpya haina kitu ndani, basi si ndiyo sifuri? Nikachagua kutoka moja kwenda sifuri. Ikaniuliza kwa maandishi mekundu kama nina hakika, maana vyote vilivyomo kwenye sifuri vitafutwa. Nilicheka, Dada. Nikamwambia Baba mashine hii ina woga, inaogopa kufuta utupu. Nikabonyeza ndiyo.

Saa tatu nzima! Nikafunga diski mpya, nikawasha. Skrini nyeusi na mstari mmoja mweupe. Nikarudisha ya zamani: nyeusi ileile. Nikafungua na kufunga mara saba, vidole vinauma, skrubu moja ikakimbilia chini ya kabati. Nilikuwa nimelala kifudifudi naisaka kwa mwiko, ndipo nikayakumbuka yale maandishi mekundu.

Nikaenda kwa fundi, nimeufyata mkia. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Akasema kompyuta huanza kuhesabu na sifuri. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu zamani, mzee. Alikaa na ile diski siku nne, kisha akaniambia nimeandika utupu juu ya kila kitu, hakuna cha kuokoa. Akaweka programu kwenye ile mpya. Sasa inawaka kwa sekunde tisa. Inaudhi, Dada! Haraka yote hiyo ya kwenda kunionyesha kwamba hakuna kitu.

Nimezunguka vya kutosha. Unajua kilichokuwemo. Zile sauti za Baba, kumi na nne, ulizomrekodi wiki mbili kabla ya ule upasuaji wa koo uliomnyima sauti, ili wanao wajue babu yao alikuwa anaongeaje. Ulinunua diski mpya kwa sababu ulihofia ya zamani itakufa nazo. Haikufa. Ni mimi niliyezifuta. Usimlaumu fundi wala umeme.

Imebaki moja. Niliiiba kabla hujasafiri, nikaitia kwenye simu yangu bila kukuambia. Ni ya saba, Baba anaposimulia pasi niliyoifungua nikiwa na miaka tisa, nyumba nzima ikaingia giza. Anasema, huyu mtoto ukimwambia asiguse ndiyo umempa hamu, lakini mwacheni, hana roho mbaya. Kisha anacheka mpaka anakohoa. Niliichukua kwa sababu ndiyo pekee aliyonitaja. Nakutumia leo, dakika mbili na sekunde kumi.

Nilimwomba Baba akuandikie yeye, maana wewe humkasirikii. Unakumbuka alivyokuwa akinisemea kwa walimu na kwa marehemu Mama. Akafuta ubao taratibu kwa kiganja, akaandika: "Mwambie mwenyewe. Safari hii sikusemei." Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka, mdomo wazi, hakuna kinachotoka. Nikawasha ile ya saba, nikaiweka mezani mbele yake. Kicheko chake kikatoka kwenye simu, naye anacheka kimya, vikaenda sambamba hadi mwisho. Nikatoka nje kidogo, nilikuwa na vumbi machoni.

Nifikishie salamu kwa shemeji, na wapwa wabusu mmoja mmoja. Ukija, kompyuta iko tayari. Ukitaka kunipiga nayo, sasa ni nyepesi.

Mimi mdogo wako,
Injinia
(nimesimamishwa kazi)