Kovu la Bi Rahima

Langoni, Amu
Rajabu, 1964

Athman,

Nani alikufanya tabibu? Ulituandikia kwamba chanjo ya ndui ya utotoni yatosha mpaka kaburini, na sisi ajuza saba wa nyumba ya wakfu tukakuamini kwa kuwa wewe ni mwalimu.

Salamu nitakupa ukizistahili. Mbuzi wangu amezaa. Paa la jikoni lavuja.

Ndui iliingia mtaani. Dresa Wafula, mhudumu wa zahanati, akaja kutuchanja, akasema chanjo ya miaka hamsini imekwisha nguvu. Nikamwambia, "Shika ndia, Bwana, mjukuu wangu amesoma kukushinda." Hakuondoka. Nikampiga mchi, mfupa wa mkono ukavunjika nikiusikia.

Wiki mbili baadaye Bi Rahima, mmoja wetu saba, alishikwa na homa ya ndui. Kovu lake la chanjo lilikuwa kubwa kuliko makovu yetu sote. Nilipomwosha ngozi ilibanduka, naye akaniuma kidole kwa uchungu mpaka roho ikamtoka.

Nilimwendea Wafula mwenyewe, mimi nisiyemwendea mtu. Alikuja mkono umefungwa, akatuchanja kwa mkono wa kushoto. Mwenzetu Bi Mwanasha alimtemea mate na kumpiga mateke, nikamkalia bibi huyo kifuani mpaka akachanjwa.

"Juzi wavunja, leo washika," Wafula aliniambia.

"Chanja, usiseme," nikamjibu.

Dada yangu kule Faza na vikongwe wenzake wanayo barua yako ileile. Ukiisoma hii, nenda huko na dresa. Waambie ulisema uongo. Wakifunga mlango, uvunje.

Bibi yako,
Hadia